Anayeishi pekee aweza kupona vyema baada ya kubadilishwa nyonga

WAGONJWA wengi wanaoambiwa na daktari kwamba nyonga yao imechakaa na inafaa kubadilishwa huwa na maswali mawili. La kwanza ni la gharama. La pili, hasa kwa wajane, waliostaafu na wazee ambao watoto wao wanafanya kazi mbali, ni hili: nikitoka hospitali, nani atanitunza?

Swali hilo la pili huwafanya wengine kuahirisha upasuaji mwaka baada ya mwaka, huku wakimeza vidonge vya maumivu na kutembea kwa kuchechemea. Lakini kuishi pekee si sababu ya kutosha ya kukosa matibabu haya. Utafiti uliofanywa mjini Philadelphia, Marekani, na kuchapishwa mwaka wa 2018 uliwalinganisha wagonjwa waliobadilishwa nyonga au goti na kurudi katika nyumba wanamoishi pekee, na wenzao waliokuwa na watu nyumbani. Walioishi pekee walikaa hospitalini muda zaidi kidogo na walihitaji huduma zaidi za kutembelewa nyumbani. Hata hivyo, hawakupatwa na matatizo mengi kuwashinda wenzao, na baada ya miezi 6 walikuwa wamepona sawa nao.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba wagonjwa hao hawakuachwa hivi hivi. Walipangiwa wa kuwatembelea. Hapa kwetu, mara nyingi ni mgonjwa mwenyewe anayepaswa kufanya mpango huo, na wakati wa kuufanya ni kabla ya kulazwa, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Nyonga bandia

Nyonga ni mahali ambapo kichwa cha mfupa wa paja, chenye umbo la mpira, huingia katika kikombe kilichoko kwenye mfupa wa kiuno. Mifupa hiyo hufunikwa na gegedu laini ili isisuguane. Gegedu hiyo ikilika kwa sababu ya umri au ugonjwa wa viungo, mfupa husugua mfupa na kuleta maumivu makali hata usiku.

Wengine huharibikiwa na nyonga wakiwa bado vijana kwa sababu damu imekoma kufika kwenye kichwa cha mfupa. Hali hiyo huletwa na ugonjwa wa selimundu, ambao ni wa kawaida katika sehemu za Nyanza, Magharibi na Pwani, na pia matumizi ya muda mrefu ya dawa aina ya steroidi au unywaji wa pombe kupita kiasi. Wengine tena ni wazee walioanguka na kuvunjika shingo ya mfupa wa paja.

Katika upasuaji, kichwa kilichoharibika hukatwa na mahali pake hutiwa kichwa cha chuma au kauri chenye shina linaloingia ndani ya paja, na kikombe kipya hutiwa kiunoni. Njia iliyoweka msingi wa upasuaji wa kisasa ilianzishwa na daktari Mwingereza John Charnley katika hospitali ya Wrightington mwaka wa 1962. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka wa 2019 ulikadiria kwamba karibu nyonga 6 kati ya 10 hudumu kwa miaka 25.

Tayarisha nyumba mapema

Baada ya upasuaji mgonjwa hutembea kwa fremu au magongo mawili kwa wiki kadhaa. Maana yake ni kwamba mikono yote miwili ina kazi. Hawezi kubeba kikombe cha chai kutoka jikoni hadi mezani, wala kuinama kuokota sufuria. Kwa hiyo ipange nyumba yako ukiwa bado na uwezo.

Vitu vyote vya kila siku viwekwe kwenye kimo kati ya kiuno na bega. Anayepika kwa jiko lililo sakafuni, akiwa ameketi kwenye kigoda, atafute meza imara ya kuweka jiko. Hakikisha mtungi wa gesi umejaa. Chemsha maharagwe au githeri ya kutosha na uigawe katika vyombo vidogo ikiwa una friji. Kula jikoni kwenyewe, juu ya kiti kirefu. Chai itie katika thamosi yenye kifuniko kisichovuja, na ukitaka kuihamisha ining'inize begani ndani ya kiondo au mkoba.

Ondoa mikeka, mazulia madogo na nyaya zilizotapakaa sakafuni. Kandambili ziweke kando na utafute viatu vinavyoshika mguu, visivyo na kamba. Kiti cha kuketi kiwe kigumu, kirefu na chenye mikono. Makochi yanayobonyea hayafai. Ikiwa kitanda ni cha chini, ongeza godoro la pili au uinue miguu yake kwa vipande vya mbao vilivyo imara.

Choo ndicho huwasumbua wengi. Choo cha kuchuchumaa hakiwezi kutumiwa kabisa katika wiki za kwanza. Hata choo cha kuketi mara nyingi huwa chini mno, na kinahitaji kiinuo cha plastiki. Mwenye choo cha shimo anaweza kumwomba seremala amtengenezee kiti chenye tundu cha kuwekwa juu ya shimo, au kiti chenye ndoo chini yake cha kutumiwa chumbani usiku, mradi awepo mtu wa kuimwaga asubuhi. Bafuni weka kiti cha plastiki imara cha kuogea, na karai lake lisiwe sakafuni bali juu ya stuli.

Katika mitaa ambako mifereji hukauka mara kwa mara, maji ni jambo la kufikiria mapema. Usijaribu kuinua mtungi wa lita 20. Mwombe mtu akujazie vyombo vya lita 2 au 3 na kuviweka mezani.

Anayeishi ghorofa ya juu katika jumba lisilo na lifti aamue mapema kama atabaki huko au ataomba kukaa kwa jamaa wa ghorofa ya chini kwa wiki 6. Akibaki, asikubali kutoka hospitali kabla ya kufunzwa kupanda ngazi. Wakati wa kupanda, mguu mzima hutangulia, kisha uliopasuliwa na magongo. Wakati wa kushuka, magongo na mguu uliopasuliwa hutangulia.

Tafuta watu watatu

Kuishi pekee si sawa na kupona pekee. Madaktari wengi husisitiza mgonjwa awe na mtu wa kulala naye katika siku za kwanza, wakati dawa za maumivu zinampa usingizi na kizunguzungu. Baada ya hapo, mtu mmoja hawezi kubeba mzigo wote. Tafuta angalau watatu: wa kukuletea chakula na maji, wa kukupeleka kliniki, na wa kukupigia simu kila siku asubuhi na jioni.

Huyo wa simu ndiye muhimu zaidi. Mwafikiane kwamba usipojibu mara mbili atakuja mwenyewe au atamtuma jirani. Kwa sababu hiyo, jirani awe na ufunguo. Watu wengi mijini hufunga mlango wa chuma kwa kufuli ya ndani na komeo juu yake. Ukianguka usiku, mlango uliofungwa hivyo utawazuia wanaotaka kukuokoa. Tafuta kufuli inayofunguka kwa nje pia.

Simu iwe mwilini mwako kila wakati, katika mfuko wa shingoni, hata unapoenda chooni. Iwe na chaji ya kutosha, kwani stima hupotea bila taarifa. Ukimtuma mtu dukani, mlipe mwenye duka kwa M-Pesa wewe mwenyewe. Usimpe msaidizi namba yako ya siri.

Wageni wa kanisani, msikitini au wa chama wakiuliza wakuletee nini, usione haya kuwaambia ukweli. Kufuliwa nguo na kupigiwa deki kutakufaa kuliko kreti ya soda.

Usikunje, usipishanishe

Hatari moja ya wiki za kwanza ni nyonga mpya kuchomoka, kwa sababu misuli na mishipa inayoishika bado haijapona. Daktari aliyepitia nyuma ya nyonga kwa kawaida humpa mgonjwa masharti matatu kwa muda wa kati ya wiki 6 na 12: goti lisipande juu kuliko nyonga, miguu isipishanishwe, na mguu uliopasuliwa usigeuzwe kuelekea ndani. Siku hizi masharti hayo hulegezwa kwa wagonjwa wengine, kulingana na njia iliyotumiwa. Muulize daktari wako yanayokuhusu na uyaandike.

Mgonjwa hulala chali, au kwa ubavu akiruhusiwa, na mto katikati ya miguu. Suruali huvaliwa kuanzia mguu uliopasuliwa na huvuliwa mwisho kwenye mguu huo huo. Kitu kikianguka, kiokote kwa fimbo yenye ndoano au kiache hapo mpaka mtu aje. Waislamu waswali wakiwa wameketi kitini na Wakristo wasipige magoti hadi daktari aruhusu.

Pikipiki za boda boda zisifikiriwe kabisa. Matatu ina ngazi ndefu na viti vilivyobanana, kwa hiyo kwa safari za kliniki afadhali gari dogo, ukiketi mbele, kiti kikiwa kimesukumwa nyuma kabisa na kuongezwa mto.

Mazoezi na dawa

Kulala siku nzima ni kosa. Damu inayotulia miguuni huweza kuganda, na donge likisafiri hadi mapafuni huua. Ndiyo maana mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande, mara nyingi kwa muda wa hadi siku 35. Usiiache kwa sababu unajihisi vizuri. Kila saa ukiwa macho, chezesha vifundo vya miguu juu na chini, kisha utembee hatua chache. Tembea mara nyingi kwa umbali mfupi badala ya mara moja kwa umbali mrefu.

Andika saa za dawa katika karatasi na uibandike ukutani, kwa maana hakuna wa kukukumbusha. Dawa kali za maumivu hufunga choo, kwa hiyo kunywa maji na ule mboga na matunda. Usizichanganye na pombe. Usiku, keti kwanza ukingoni mwa kitanda kwa dakika moja kabla ya kusimama, na tochi iwe karibu.

Mguu ukivimba, usikubali kukandwa wala kusuguliwa na mafuta, hata na mtu mwenye nia njema. Huenda uvimbe huo ni wa damu iliyoganda.

Utakapohama kutoka magongo mawili hadi fimbo moja, ishike kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, si upande uliopasuliwa.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mwenye jamaa nyumbani huonwa na wengine anapobadilika. Anayeishi pekee lazima ajichunguze mwenyewe kila asubuhi. Asingoje siku ya kliniki akiona haya:

• Kukosa pumzi kwa ghafla, maumivu ya kifua au kukohoa damu. Hapa itisha ambulensi mara moja.

• Uvimbe na maumivu katika muundi wa mguu.

• Homa, au mshono kuwa mwekundu, wa moto na kutoa usaha au maji.

• Maumivu makali ya ghafla nyongani, mguu kuonekana mfupi au umegeuka. Usijaribu kusimama.

Ukianguka, usiwaruhusu watu kukuvuta mkono wakuinue upesi. Tulia, piga simu, na upelekwe hospitalini, si kwa mganga wa mifupa.

Gharama na tarehe

Bima ya NHIF ilifungwa na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kuanzia Oktoba 1, 2024. Kabla ya kupanga tarehe, uliza hospitali ikueleze kwa maandishi bima italipa kiasi gani na wewe utalipa nini. Uliza pia bei ya nyonga yenyewe, fremu, dawa za nyumbani na mazoezi ya viungo baada ya kutoka. Mazoezi hayo yasipowekwa katika hesabu, wengi huyaacha baada ya siku chache na kubaki wakichechemea.

Wengi huweza kufanya shughuli za kawaida kati ya wiki 6 na 12, ingawa nguvu kamili huweza kuchukua mwaka. Kuendesha gari kwa kawaida hungoja wiki 6 na ruhusa ya daktari.

Aliyevunjika nyonga hana nafasi ya kungoja, kwani mzee kama huyo hufaa kupasuliwa upesi. Jamaa zake au afisa wa maslahi ya wagonjwa hospitalini watayarishe nyumba angali wadini. Lakini ambaye nyonga yake imechakaa polepole anaweza kuchagua wakati. Ikiwa tarehe imekaribia na hujampata wa kulala nawe siku za kwanza, wala hujatatua jambo la choo na ngazi, mwambie daktari akusogezee tarehe kwa wiki chache. Nyonga iliyokuuma kwa miaka mingi inaweza kungoja kidogo, mradi wiki hizo uzitumie kutayarisha nyumba.