Nilinunua gari rahisi, nikauziwa na deni la mwenyewe

MWAKA 2017 nilinunua Toyota Corona kwa Sh9 milioni za Uganda. Gari hilo lilikaa kwangu kwa muda usiofika miezi mitatu. Mkopo wake niliulipa kwa mwaka mmoja na nusu.

Mke wangu alikuwa akiuza chakula Nakawa, na kila alfajiri alikodi bodaboda mbili, moja ya kumbeba yeye na nyingine ya kubeba matoke. Nikapiga hesabu nikaona tukiwa na gari tutaokoa fedha. Nilikuwa na akiba ya Sh3 milioni, chama chetu cha akiba na mikopo kikanikopesha Sh6 milioni.

Dalali mmoja akanipeleka Ndeeba saa tisa alasiri. Nililikuta gari limeoshwa, linang'aa, na injini inanguruma tayari. "Bosi, hili ni safi, mwenyewe anasafiri kesho kutwa," akasema. Nikazunguka mara mbili, nikapiga tairi teke kama nilivyowaona wengine wakifanya, nikatoa fedha.

Wiki ya tatu, tukiwa barabara ya Masaka karibu na Lukaya, mshale wa joto ukapanda hadi juu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Tulivutwa kwa kamba hadi Kampala.

Mzee mmoja fundi, mwenye kibanda soko la vipuri la Kisekka, alifungua kifuniko cha oili, akakitazama, akatikisa kichwa. Chini ya kifuniko palikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa. "Mwanangu, maji yamekwisha kuingia kwenye oili siku nyingi," akaniambia. "Walikuwashia kabla hujafika ili usijue."

Nilikuwa bado nadunduliza fedha za matengenezo watu wawili walipokuja nyumbani na karatasi. Gari lilikuwa rehani. Kadi niliyopewa, ambayo hapa Uganda twaiita logibuku, ilikuwa ya pili, iliyotolewa baada ya mtu kuripoti kuwa ya kwanza imepotea. Ile ya kwanza haikupotea. Ilikuwa kwenye kabati la mkopeshaji fedha.

Gari likaondoka. Dalali simu yake haikupatikana tena. Mke wangu akarudi kwenye bodaboda.

Nasimulia haya kwa sababu watu wengi zaidi sasa wako katika njia niliyopita mimi. Kenya kwa miaka mingi imekataa kuingiza magari yaliyozidi miaka minane, lakini Uganda ilikuwa inapokea ya umri wowote, ukilipa kodi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 ikapiga marufuku yanayozidi miaka 15, na yanayozidi minane yakabebeshwa tozo ya mazingira. Magari yaliyo kwenye bondi za Nakawa na barabara ya Jinja yamekuwa mbali na mfuko wa mtu wa kawaida. Mwenye fedha kidogo hubaki na yale ambayo tayari yana namba, yaliyokwisha kupita mikono minne au mitano.

Katika hayo, kwanza kagua karatasi, ndipo uguse chuma. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiambiwa ni la kaka yake, mwambie amlete huyo kaka. Usikubali fomu za kuhamisha umiliki zilizotiwa saini na mtu usiyemwona. Kama kadi ni ya nakala, uliza ya kwanza iko wapi. Soma namba ya chesisi na ya injini kwenye gari lenyewe, ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Chesisi ikionyesha alama za tupa au kuchomelewa upya, nenda zako.

Baada ya sheria ya mwaka 2019 ya dhamana za mali zinazohamishika, wakopeshaji huandikisha rehani zao katika daftari linalosimamiwa na idara ya usajili, URSB, na mnunuzi anaweza kuomba litazamwe. Wakati wangu daftari hilo halikuwapo. Wewe huna kisingizio.

Pili, nenda asubuhi na umwambie muuzaji asiwashe gari. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini. Fungua rejeta ingali baridi, utazame kama maji yana mafuta mafuta juu. Fungua na kifuniko cha oili, utafute ile rangi ya chai ya maziwa.

Kisha liwashwe, nawe simama nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Mweusi, inakula petroli kupita kiasi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, maji yanaingia ndani ya silinda. Kama gia ni za otomatiki, nusa oili yake. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, gia boksi inakaribia kuomba fedha.

Uliza pia kama injini inatumia mkanda au cheni. Corona nyingi za zamani hutumia mkanda, na ukikatika safarini umekwama. Usipoonyeshwa ulibadilishwa lini, weka gharama yake kwenye bei.

Tatu, usiamini kilomita za kwenye dashibodi, maana hurudishwa nyuma. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 80,000 hazilingani na pedali iliyolika hadi chuma. Taa ya mfuko wa hewa iwake ukifungua swichi, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda imeng'olewa. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Inua zulia la buti uone kama kuna kutu au mikunjo.

Mwisho, liendeshe wewe mwenyewe. Kampala ina vilima, vitumie. Lipandishe Namirembe mkiwa watu wanne, kisha lipitishe kwenye mashimo na redio imezimwa. Kaa ndani yake angalau nusu saa huku macho yako yakiwa kwenye mshale wa joto.

Haya yote yafanye ukiwa na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe, wala asiwe rafiki wa dalali. Yule mzee wa Kisekka angenikagulia Corona ile kwa fedha ya nauli na chakula cha mchana. Mimi niliona ni gharama.

Na usimalize fedha zote kwenye kununua. Mwenye Sh9 milioni atafute gari la saba, nyingine zisubiri tairi, breki na oili.

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Nyumbani kwangu kweli ilivunja, kwani matoke ya mke wangu bado yanakwenda Nakawa kwa bodaboda.