S.D. Jones: Mtu Aliyeajiriwa Kushindwa

Katika kila mazoezi makubwa ya kijeshi hapana budi kikosi kimoja kipewe kazi ya kuwa adui. Askari wa kikosi hicho huchimba mahandaki sawasawa na wenzao, hulala katika umande kama wenzao, na kunapopambazuka hujua tayari ya kuwa kilima kile watakipoteza, kwa kuwa ndivyo ilivyoandikwa katika mpango wa mazoezi. Jirani yangu mmoja, koplo mstaafu, aliwahi kupewa kazi hiyo ya uadui mara nne. "Mwalimu," huniambia (bado huniita hivyo, ijapokuwa chaki niliiacha zamani na sasa nakaa ofisini), "kushambulia ni rahisi. Kufa vizuri ndiko kwenye kazi."

Nilimkumbuka koplo huyo siku moja jioni, mwanangu aliponijia na simu mkononi, akicheka mpaka machozi yanamtoka. Alikuwa akitazama mieleka ya zamani ya Marekani. Jitu moja lenye upara, King Kong Bundy, lilimbana mtu mmoja mweusi kifuani, likamkimbiza hadi pembeni mwa ulingo, likamgandamiza pale kwa kifua na tumbo, na alipoanguka likamrukia na kumlalia. Mwamuzi akapiga mkono chini mara tatu. Kwisha. Mtangazaji akaueleza umati kwamba pambano lile lilichukua sekunde 9 tu, tena kwamba ilikuwa ni rekodi.

"Baba," mwanangu akasema, "huyu hakujua kupigana hata kidogo."

Hapo ndipo nilipomketisha. Maana mtu yule alikuwa akiijua kazi yake kuliko wengi waliomshinda.

Aliitwa S.D. Jones, na mashabiki walilifanya hilo "S.D." kuwa "Special Delivery", yaani barua au mzigo unaoletwa mlangoni kwa upesi. Jina lake la kuzaliwa ni Conrad Efraim. Alizaliwa tarehe 30 Machi 1945 katika kisiwa cha Antigua, bahari ya Karibi, wakati huo kikiwa koloni la Waingereza. Ni kisiwa kidogo, kama kilometa za mraba 280 hivi, ambacho wazee wake waliletwa kutoka Afrika kulima miwa kwa nguvu, na ambacho kilipata uhuru wake tarehe 1 Novemba 1981. Vijana wengi wa visiwa vile walikwenda Marekani kutafuta maisha. Efraim alikuwa mmoja wao, na riziki yake akaipata ulingoni.

Katika miaka ya 1970 alizunguka kama wazungukavyo wanamieleka wote wa enzi ile. Marekani ilikuwa imegawanyika katika maeneo, kila eneo na tajiri wake wa mieleka, na mtu akishazoeleka hapa alihamia pale. Katika majimbo ya Carolina aliitwa Roosevelt Jones, akatangazwa kuwa binamu wa mwanamieleka mashuhuri Rufus R. Jones, ingawa hapakuwa na undugu wowote baina yao. Huko Los Angeles alipata hata kushika ubingwa wa timu za watu wawili wawili. Kisha akaingia katika kampuni ya kaskazini mashariki, ile ambayo leo dunia nzima inaijua kwa jina la WWE, na huko ndiko alikokaa mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwani wengi wetu tunaitazama mieleka hii bila kujua inavyopikwa. Matokeo hupangwa kabla. Hilo si siri tena: mwaka 1989 wakuu wa kampuni hiyo walikiri mbele ya seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yao ni burudani wala si mashindano, na sababu yao ilikuwa ya kibiashara tu, kukwepa usimamizi na malipo yaliyowekwa juu ya michezo ya ngumi na mieleka. Lakini siku za Jones siri hiyo ilikuwa ikilindwa kwa wivu.

Biashara ilikwenda namna hii. Televisheni ilionyesha mieleka bure kila wiki, na pesa zilipatikana kwa tiketi za kumbi. Kama mtu angewaona mabingwa wawili wakipambana bure nyumbani kwake, angeendea nini ukumbini kwa kulipa? Kwa hiyo katika televisheni bingwa hakupambana na bingwa. Alipambana na mtu wa kushindwa. Katika mji mdogo kama Allentown, jimbo la Pennsylvania, walipiga picha za wiki kadhaa kwa usiku mmoja, mapambano mafupi mafupi, na mtu wa kushindwa aliweza kuingia ulingoni zaidi ya mara moja katika usiku huohuo. Mashabiki humwita kwa jina la dharau. Wenyewe wenye kazi walikuwa na jina la heshima zaidi, lenye maana ya mtu anayempamba mwenzake.

Na kupamba ni ufundi. Sakafu ya ulingo ni turubai lililotandikwa juu ya mbao, na mbao zimelala juu ya vyuma. Anayeanguka hana budi kukaza kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, ashukie mgongo wote kwa pamoja, apige sakafu kwa mikono ili kishindo kigawanyike, na atoe pumzi kwa wakati wake. Akichelewa kidogo, shingo. Bundy alitangazwa kuwa na uzito wa ratili 458, yaani kilo 208, zaidi ya magunia mawili ya mahindi. Mzigo huo ukirushwa juu ya mtu, anayeurusha hujitahidi asimuumize, walakini anayeupokea ndiye mwenye kufanya umati uamini. Kipigo kisichopokelewa vizuri hakionekani. Jitu likimwangusha mtu asiyejua kuanguka, watazamaji hucheka. Likimwangusha Jones, watazamaji walishika vichwa.

Pambano lile alilolicheka mwanangu lilikuwa la tarehe 31 Machi 1985, katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mbele ya watu 19,121. Ilikuwa WrestleMania ya kwanza kabisa. Kampuni ilikuwa imetia fedha nyingi sana katika usiku ule, ikamwalika hata Muhammad Ali, yule yule tuliyemjua tangu Kinshasa mwaka 1974, awe mwamuzi wa nje ya ulingo katika pambano la mwisho. Jones alikuwa ametimiza miaka 40 siku moja tu kabla. Pambano lake lilikuwa la pili katika orodha.

Nilimwambia mwanangu tulitazame tena, tukihesabu kwa saa ya ukutani. Kutoka kengele hadi mkono wa tatu wa mwamuzi tukapata sekunde zaidi ya 20. Si 9. Yaani mtu huyu, ambaye tayari alikuwa amekubali kushindwa kwa muda mfupi mbele ya umati mkubwa vile, alipunguziwa hata hizo sekunde chache alizosimama. Nakiri kwamba jambo hili liliniudhi kuliko kushindwa kwenyewe. Matokeo yaliyopangwa ni mchezo wa kuigiza, na wote waliomo wamekubaliana. Lakini kuibia hesabu ya saa! Kwa miaka mingi baadaye sekunde 9 zile zilitajwa kila lilipotajwa jina lake.

Faida ya usiku ule ilikwenda kwa Bundy. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 7 Aprili 1986, ndiye aliyepambana na bingwa Hulk Hogan ndani ya kizimba cha chuma huko Los Angeles, pambano kuu la WrestleMania ya pili. Nani angeamini kwamba Hogan yumo hatarini, kama watu wasingekuwa wamemwona Jones akizimwa kama kibatari?

Vilevile mwishoni mwa 1984 Jones alikuwa upande mmoja na André, lile jitu la Ufaransa, dhidi ya Big John Studd na Ken Patera. Jones aliondolewa ulingoni. Wawili wale wakampiga André hadi akazirai na kumkata nywele. Kutokana na kisa hicho likazaliwa pambano la André na Studd katika WrestleMania ileile ya kwanza, la kunyanyuana kwa dola 15,000. Katika visa vyote viwili Jones yumo mlangoni, akiwafungulia wengine.

Koplo, nilipomsimulia haya, aliuliza swali ambalo nami lilikuwa likinikera. "Mwalimu, mbona huyo wa kuangushwa awe mweusi?" Ni swali la haki. Jibu la kweli ni kwamba walioangushwa walikuwa wa kila rangi, na wengi wao walikuwa wazungu. Na katika kampuni hiyohiyo, Novemba 1983, Tony Atlas na Rocky Johnson walikuwa weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wake wa timu za watu wawili. Lakini ni kweli pia kwamba mkanda wa bingwa mkuu wa kampuni ile haukupata kufungwa kiunoni mwa mtu mweusi siku zote Jones alipokuwa pale. Koplo alisikiliza, akanyamaza, hakusema kama ameridhika.

Malipo ya watu hawa yalikuwa ya kila waingiapo ulingoni. Kisheria walihesabiwa kuwa watu wanaojitegemea, si waajiriwa. Pensheni haikuwapo, wala bima ya matibabu kutoka kwa tajiri. Mke wa askari anayesoma ukurasa huu anaelewa mara moja maana ya maneno hayo.

Kazi yenyewe karibu imetoweka. Tangu Septemba 1995 kampuni mbili za Marekani ziliposhindana kwa watazamaji kila Jumatatu usiku, kila moja ililazimika kuonyesha mabingwa wake wakipambana wao kwa wao, na mtu wa kushindwa akakosa nafasi. Mmoja wao, Barry Horowitz, aliyekuwa na tabia ya kujipigapiga mgongoni kujipongeza, alipewa ushindi kiangazi cha mwaka huohuo wa 1995, na watu wakashangilia utadhani yeye ndiye aliyekuwa bingwa.

Jones alirudi Antigua. Mwaka 2006, Tony Atlas, aliyekuwa mshirika wake ulingoni, alipoingizwa katika ukumbi wa heshima wa WWE, aliyemkaribisha jukwaani alikuwa S.D. Jones, mlangoni tena. Alifariki dunia kwao Antigua tarehe 26 Oktoba 2008, baada ya kupatwa na kiharusi, akiwa na umri wa miaka 63. Jina lake mwenyewe liliingizwa katika ukumbi huo mwaka 2019, katika kundi la wakongwe ambao huonyeshwa kwa picha tu, bila hotuba.

Jambo moja zaidi kwa wazazi. Watoto wetu hujaribu mambo haya juu ya vitanda na makochi, na kila mmoja hutaka kuwa Bundy. Wakatazeni kabisa, kwa sababu ya shingo, na waelezeni kuwa aliye chini amejifunza miaka mingi namna ya kuanguka, nao hawajajifunza.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya LJN ilitengeneza wanasesere wa mpira wa wanamieleka, wa kuuzia watoto. Hogan alikuwamo, André alikuwamo, Bundy pia. Jones naye alikuwamo, tena kwa mashati ya namna mbili. Mwanangu alipoiona picha ya mwanasesere huyo aliuliza ni nani angenunua mtu wa kushindwa. Nikamwambia walinunua wengi. Akafikiri kidogo, akasema kwamba kama angekuwa wake, siku nyingine angemwachia ashinde.