Sumaku Isiyozimwa

Je, wajua kwamba usiku wa manane, hali taa za hospitali zimezimwa, mlango wa chumba cha kipimo cha MRI umetiwa kufuli na wahudumu wote wamekwenda zao, sumaku iliyomo ndani ya chumba kile huwa ingali ikivuta kwa nguvu zake zote, kama ilivyovuta adhuhuri mgonjwa alipokuwa amelala ndani yake? Watu wengi hawalijui jambo hili, na baadhi ya wasiolijua wamekufa kwa kutolijua.

Sumaku hiyo si pande la chuma kama sumaku za shuleni. Ni waya mrefu wa niobiamu na titani, uliozungushwa mizingo kwa mizingo na kuzamishwa katika heli iliyo maji, yenye baridi ya digrii 269 chini ya sifuri. Katika baridi hiyo waya hauna ukinzani wowote kwa umeme, hata mkondo uliotiwa siku mashine ilipofungwa huendelea kuzunguka mwaka baada ya mwaka pasipo kuongezwa. Kwa hiyo umeme wa mji ukikatika, sumaku haikatiki. Mashine nyingi zina nguvu ya tesla 1.5, na nyingine tesla 3; na tesla 1.5 ni kiasi cha mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayoelekeza dira ya nahodha baharini. Ule mgongano wa kelele anaousikia mgonjwa hautoki katika sumaku hii kubwa, bali katika koili nyingine zinazowashwa na kuzimwa wakati wa kupiga picha. Na hapo ndipo ulipo mtego, maana kelele zikikoma mtu hudhani kuwa hatari nayo imekoma.

Mwili wa mwanadamu hausikii kitu. Mtu aweza kusimama mlangoni, akatazama, akaona chumba kitulivu chenye kitanda na tundu la duara. Lakini chuma alichonacho mtu huyo husikia, na mvuto wake hauongezeki polepole kwa kadiri ya hatua. Mlangoni huwa haba, kisha karibu na mdomo wa mashine huruka ghafla, hata mkono wenye nguvu usiweze kushindana nao.

Kisa kilicho na mafunzo mengi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni cha mwaka 2000, magharibi ya jimbo la New York, Marekani, nacho kiliandikwa na madaktari katika jarida la elimu ya picha za tiba mwaka 2002. Askari polisi asiyekuwa zamu alikwenda kupigwa picha, akiwa na bastola yake aina ya Colt yenye risasi za inchi 0.45. Hakuificha, alimwambia mtaalamu wa mashine kwamba anayo. Mtaalamu akamwambia aje nayo, akikusudia kumpokea kabla hajafika penye mashine ili aihifadhi mahali pa salama. Askari akafahamu kuwa ameruhusiwa kuingia nayo. Aliponyosha mkono ili aiweke juu ya kabati lililokuwa kiasi cha futi 3 kutoka mdomo wa mashine, bastola ilimponyoka, ikaruka, ikajipiga ndani ya tundu, na risasi ikafyatuka ikaingia katika ukuta wa nyuma. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia.

Lililowashangaza wachunguzi ni kwamba kifungo cha usalama kilikuwa kimefungwa, na baada ya mlio kilionekana kingali kimefungwa. Imewezekanaje? Ndani ya bastola ya namna ile mna kipande kidogo cha chuma kinachoizuia pini isisogee mbele mpaka kidole kivute kifyatuo, na kipande hicho hushikwa na kamani dhaifu tu. Wachunguzi waliona kwamba yamkini sumaku ilikiinua kipande kile, pini ikawa huru katika njia yake. Na mdomo wa kasiba ulipogonga mashine, bastola ikasimama ghafla ilhali pini ingali inakwenda, ikaipiga fataki ya risasi. Walipojaribu kuiondoa silaha, ilihamia upande wa pili wa tundu, ikabidi sumaku yenyewe ishushwe nguvu. Nalitafakari sana jambo hili, kwa sababu hapakuwa na mwongo wala mzembe wa makusudi. Palikuwa na neno moja fupi lililofahamika kwa namna mbili.

Wengine waliingia na silaha iliyofichwa. Mwezi wa Januari 2023, mjini São Paulo, Brazili, mwanasheria aliyemsindikiza mama yake alikuwa na bastola kiunoni, ijapokuwa alikwisha kutia sahihi karatasi yenye maonyo juu ya vyuma. Ilifyatuka ikampiga tumboni, akafariki baada ya majuma machache. Mwezi wa Juni mwaka uo huo, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, mwanamke aliyeulizwa kama ana silaha akajibu hana, alijeruhiwa kalioni na bastola yake mwenyewe, yeye alipona.

Wala bastola si adui mkuu. Mitungi ya oksijeni imeua pia, na waliokuwa karibu nayo aghalabu walikuwa watu wenye huruma. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alikuwa amelala ndani ya mashine, akapungukiwa na oksijeni; mtungi wa chuma ukaletwa kwa haraka ili kumwokoa, ukaruka ukampiga kichwani. Mwaka 2018, mjini Mumbai, kijana wa miaka 32 aliyemsindikiza jamaa yake mgonjwa aliingia amebeba mtungi, akavutwa nao akafa. Jamaa zake walisema mhudumu alikuwa amewahakikishia kwamba mashine imezimwa. Wala si mitungi tu: mwezi wa Julai 2025, huko Long Island, New York, mume aliyeingia kumwinua mkewe baada ya kipimo alivutwa na mnyororo mzito wa kilo 9 uliokuwa shingoni mwake, naye akafariki.

Msomaji atauliza kwa nini isizimwe mara moja. Kiko kitufe cha dharura, lakini kukibonyeza ni kuichemsha ile heli ikageuka gesi na kuenea mamia ya mara kuliko ilivyokuwa, ikitoka kwa bomba hadi nje ya jengo. Bomba likiziba, gesi hujaa chumbani ikafukuza hewa ya kuvuta. Hata hivyo nguvu haziondoki papo hapo, na kuirudisha mashine katika hali yake kwagharimu fedha nyingi na siku kadhaa.

Mashine hizi sasa zimo katika hospitali za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, na maswali ya mlangoni ni yale yale. Dhahabu na fedha safi hazivutwi, ingawa huombwa zivuliwe. Bali pini ya nywele, ufunguo, na hirizi iliyotiwa katika kibweta cha chuma huvutwa. Fundi wa kuchomelea au wa kukata vyuma ana jambo la ziada la kusema, ambalo hata yeye huenda amelisahau: kibanzi cha chuma kilichowahi kumrukia jichoni. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu aliyepofuka jicho moja kwa sababu kibanzi cha namna hiyo, kilichokuwa kimekaa humo miaka mingi pasipo kumsumbua, kilisogezwa na sumaku. Ndiyo maana fundi huyo akitaja kazi yake, hupigwa kwanza eksirei ya macho, naye hana haja ya kudhani kwamba anazungushwa.