INSWA, KICHUGUU NA JIRANI

Mvua ya kwanza imenyesha, na hapa Kisenge kila mtu iko anatazama kichuguu. Inswa hazitoki ovyo. Chini ya udongo mchwa wanalima uyoga juu ya miti waliyotafuna, na uyoga huo ndio unawalainishia chakula. Udongo ukilowa, wenye mabawa wanaruka kutafuta wenzi. Mabawa yanaanguka, kisha dume na jike wanachimba nyumba mpya. Wengi wanaliwa mbele ya kufika: na kuku, na vyura, na sisi wenyewe. Beseni ya maji chini ya taa inatosha. Muzikaange bila mafuta, ziko na yao.

Lakini kichuguu kilicho mu shamba la mtu kiko na mwenyewe. Mumuombe kwanza, na mumuachie sahani moja.

Na hapana kuingiza mkono mu tundu! Nyoka anapenda kulala humo, na usiku vyura wanamuvuta. Muvae viatu, mushike tochi. Akiuma mtu, hapana kukata kidonda, hapana kunyonya sumu, hapana kukaza kamba. Mguu usisogee, na mgonjwa apelekwe hospitali mbio, asitembee mwenyewe. Tunaona wengine wanatangulia kutafuta mizizi, na saa zinapita. Kama motokari haiko, miti miwili na blanketi inafanya machela.