Kuchunguza Lugha Mahali Pake: Fikira juu ya Utafiti wa Kipemba

Mtafiti aendaye Pemba na orodha ya maneno hupata majibu upesi. Lakini je, majibu hayo ni Kipemba? Tangu Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, msemaji aliyepita shule anazo lugha mbili za kujibia, na mgeni mwenye kalamu hujibiwa kwa ile ya darasani. Huo si udanganyifu, ni adabu. Hatari ni kwamba adabu hiyo yaweza kuingizwa katika kamusi kwa jina la lahaja.

Lincoln na Guba, wataalamu wa Marekani, walieleza mwaka 1985 kwamba mambo ya wanadamu yafaa kuchunguzwa mahali yatokeapo. Kwa Pemba, mahali hapo ni kama penye kuchambua karafuu: mikono ina kazi, na ulimi uko huru.

Hata hivyo, kusikiliza tu si utafiti. Kwanza, wasemaji waombwe ruhusa; kunasa maneno kwa siri ni wizi. Pili, iandikwe nani alisema, kwa nani, wapi, na katika shughuli gani. Whiteley, katika kitabu chake cha mwaka 1958, alitaja lahaja za Pemba kwa wingi, si kwa umoja. Basi neno la Micheweni lisidhaniwe kuwa la Mkoani pia. Tatu, maelezo yarudishwe kwa wenyewe wayasahihishe.

Orodha isitupwe, bali ije mwishoni, kuuliza yale yaliyokwisha kusikiwa.