Kulea Mzee Si Kumpa Uji na Kumwacha Barazani: Mambo Ambayo Kila Mhudumu wa Wazee Kwale Anafaa Kujua

Siku hizi ukipiga stori na vijana wa Ukunda, hukosi mmoja anayesomea ile kazi ya "caregiver". Sababu inajulikana. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya ilitia saini mkataba wa ajira na Ujerumani pale Berlin, na tangu hapo ndoto ya kwenda kulea wazee majuu imeshika kasi. Kila msee anataka kuomoka.

Lakini kabla ya ndege kuna mzee hapa hapa. Yuko Tiwi, yuko Msambweni, yuko Lungalunga, analelewa na mjukuu ambaye hakuna mtu amewahi kumfunza chochote. Kenya haina nyumba nyingi za wazee. Inayotajwa sana ni Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, inayoendeshwa na watawa wa Little Sisters of the Poor. Huku Kwale kazi hii hufanyika zaidi nyumbani, kwenye majumba ya wazungu waliostaafia Diani, na wodini ambako jamaa hukesha kando ya kitanda.

Na si hisani. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na serikali. Swali ni moja tu: hiyo heshima inafanywaje, kwa mikono, saa kumi na mbili asubuhi wakati shuka imelowa?

Cheki hapa.

1. Bisha hodi, hata kama mlango uko wazi

Mzee akishaanza kusaidiwa kwenda chooni, watu husahau kwamba bado ni mtu mzima. Wanaingia chumbani bila hodi, wanafungua dirisha, wanamvuta shuka. Kosa hilo.

Bisha. Salimia. Mwite jina analolipenda: mama fulani, mwalimu, kapteni, Mzee fulani. Kisha mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa: "Mama, nataka kukugeuza upande wa dirisha, sawa?" Subiri jibu. Hata aliyepigwa na kiharusi na kupoteza sauti anaweza kukujibu kwa macho au kwa kukubana mkono.

Hii si adabu ya kupamba tu. Mzee anayejua kinachokuja hulegeza mwili na hukusaidia. Aliyeshtuliwa hukaza misuli, hupiga ngumi, huanguka.

Na usiongee naye kama mtoto mchanga. Alikuwa mvuvi, amelea watoto, amezika wenzake. Usimjadili na wageni akiwa hapo amekaa akisikia.

2. Kuoga: leso ni kifaa cha kazi

Pwani neno ni stara. Mzee haogeshwi uchi wa mnyama eti kwa sababu ni mgonjwa. Mfunike leso mwili mzima, kisha funua sehemu unayoosha peke yake. Ukimaliza mkono, kausha, funika, nenda mkono wa pili.

Mpangilio uko hivi. Nawa mikono yako kwanza. Pima maji kwa kiwiko au kwa ndani ya kifundo cha mkono, kwa sababu ngozi ya uzee huungua haraka, na aliye na kisukari anaweza asihisi moto miguuni. Anza na macho, bila sabuni. Halafu uso, mikono, kifua, miguu, mgongo. Sehemu za siri ni mwisho, ukiwa na glavu na maji mapya, na kwa mama unasafisha kutoka mbele kwenda nyuma ili uchafu usilete maambukizi ya mkojo. Kisha kausha vizuri makwapa, chini ya matiti na kati ya vidole. Joto la Diani na jasho hugeuza mikunjo hiyo kuwa vidonda.

Uliza pia nani anafaa kumhudumia. Bibi wengi wa Kiislamu hawawezi kuvuliwa nguo na kijana wa kiume, hata akiwa na cheti cha dunia nzima. Weka kopo la maji la kutawadhia karibu. Asiyeweza kusimama anaruhusiwa kuswali amekaa au amelala, kwa hivyo msaidie ajue kibla iko wapi na saa ngapi wanaadhini. Hiyo nayo ni huduma.

Unapomvisha mtu aliyepooza upande mmoja, anza na upande mgonjwa. Ukimvua, anza na ule mzima. Ni kitu kidogo, ila bega halitateguka.

3. Kumwinua: usimvute mikono

Hapa ndo wengi huumia, mzee na mhudumu pamoja.

Usimvute mkono wala kumbeba kwa makwapa. Bega la mzee ni jepesi kutoka. Fanya hivi: weka kiti upande wake wenye nguvu, na kama ni cha magurudumu, funga breki. Mkalishe ukingoni mwa kitanda na umwache dakika moja au mbili. Ukimsimamisha ghafla presha hushuka, anaona giza, anaanguka. Nyayo zake ziguse chini, viatu visivyoteleza. Wewe kunja magoti, mgongo wako unyooke, mshike kiunoni, hesabuni pamoja mpaka tatu. Akiwa mzito kukushinda, ita mtu. Kujifanya Hulk haikusaidii, ukivunjika mgongo kazi imeisha.

Kuanguka kwenyewe mara nyingi huanza na vitu vya nyumbani: mkeka uliokunjika, dera refu linaloburura, malapa yaliyolegea, choo cha shimo nje usiku wa manane. Taa ndogo ya sola inayowaka usiku kucha inaokoa nyonga. Kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati na ndoo chini yake kinamwondolea ile safari ya gizani. Hakikisha tu kiti hakiyumbi na kingo za tundu haziumizi.

4. Kila masaa mawili, mgeuze

Mzee asiyeweza kujigeuza akilala upande mmoja kutwa, damu haifiki pale mfupa unapokandamiza ngozi. Nyama inaoza kuanzia ndani. Vidonda vya kulalia vinaweza kufika mfupani, na mtu hufa navyo.

Dawa ni saa. Mgeuze kila masaa mawili: mgongo, kushoto, kulia. Weka mto kati ya magoti, na mwingine chini ya ndama za miguu ili visigino vielee bila kugusa godoro. Angalia mkiani, nyonga, visigino na nyuma ya masikio kila siku. Vitabu vingi husema tafuta wekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tafuta mahali palipozidi weusi, pana joto kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pateke, au panamuuma. Ukipaona usipakande wala kupasugua. Ondoa uzito wote pale na mwambie nesi.

Nepi ikilowa badilisha sasa, si baada ya kipindi kuisha. Ukimgeuza, mwinue, usimburure kwenye shuka.

5. Kijiko kidogo, shingo wima

Usimlishe mzee akiwa amelala. Uji ukiingia njia ya hewa unaleta nimonia. Mkalishe wima, kidevu kiiname kidogo, mpe kijiko kidogo, subiri ameze, ndo umpe kingine. Wewe nawe kaa, usimsimamie kichwani kama askari. Angalia kama chakula kimebaki mashavuni. Akimaliza abaki wima nusu saa. Akikohoa kila akimeza, au sauti ikawa ya majimaji, huyo anahitaji kuonwa na daktari.

Samaki wa Msambweni ni mtamu, lakini miiba itoe yote kwa vidole kabla. Mahamri na chai ya sukari tele ni noma kwa mwenye kisukari. Hata madafu, ambayo wengi huyaona ni dawa, yana potasiamu nyingi na mwenye figo mbovu anaweza kudhurika. Uliza klinikini kwanza.

Maji mpe bila kungoja aombe, isipokuwa daktari amempimia kiasi. Uzeeni kiu hupungua ingawa mwili umekauka. Mkojo mweusi kama chai ya rangi na midomo mikavu ni dalili mbaya.

6. Akili ikipotea: hapa ndo maisha yanaokolewa

Sasa tufike kwenye stori ngumu ya pwani yetu.

Kwale na Kilifi wazee wamekuwa wakiuawa wakiitwa wachawi. Mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalogombaniwa. Kule Kilifi, eneo la Ganze, kituo cha Kaya Godoma kimekuwa kikihifadhi wazee waliokimbia makwao kwa tuhuma hizo. Watu hawa wana watoto na wajukuu, na bado hawawezi kulala kwao.

Angalia basi dalili zinazomfanya mtu atuhumiwe: anatembea usiku bila nguo, anaongea peke yake, anaingia boma la jirani, anataja marehemu kama wako hai, hajui mwanawe. Mtu aliyesomea kazi hii akisikia orodha hiyo anajua ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria zaidi ya watu milioni 55 duniani wana magonjwa ya ubongo ya kupoteza kumbukumbu, na wengi wao wako nchi kama yetu. Hajaroga mtu. Ubongo wake unaumwa.

Kuna tofauti moja ya kuijua kwa kichwa. Usahaulifu unaokuja polepole kwa miezi na miaka ni jambo moja. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo anaweweseka ni dharura: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, ukosefu wa maji, au dawa. Huyo apelekwe hospitali leo, na mengi ya hayo yanatibika.

Kwa aliye na usahaulifu wa kudumu, usibishane naye. Akisema anamngoja mumewe aliyefariki zamani, usimwambie kila siku "alikufa" ukamfanya alie upya. Muulize mumewe alikuwa mtu wa aina gani. Ratiba isibadilike, mwanga uwepo jioni, mchana apewe shughuli: kuchambua mchele, kusuka ukili. Usimfunge kamba. Usimfungie chumbani peke yake. Weka kengele mlangoni ili usikie akitoka.

Na waambie majirani mapema, kabla uvumi haujaanza: "Bibi ana ugonjwa wa kusahau, akija kwenu nipigieni simu." Sentensi hiyo moja inaweza kumwokoa na panga. Ujue pia Sheria ya Uchawi ya 1925 inafanya kumtuhumu mtu kuwa mchawi mtaani kuwa kosa. Ukisikia vitisho, nenda kwa chifu na polisi siku hiyo hiyo, usingoje kikao cha ukoo.

7. Pesa, simu na mdomo

Wazee wa miaka 70 na zaidi walio kwenye Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni zake. Ukitumwa kumnunulia kitu, rudi na risiti na chenji, andika kwenye daftari. Namba yake ya siri ya M-Pesa usiitake. Video yake akiwa anahudumiwa usiiweke TikTok, hata kama inachekesha.

Daftari hilo hilo liandike kila siku: amekula nini, amekunywa kiasi gani, choo, dawa, ngozi, usingizi. Dawa usiongeze wala kupunguza, hiyo si kazi yako. Kazi yako ni kuona mabadiliko kwanza na kuyasema. Ukiona alama za kipigo, au mzee anayetetemeka mtu fulani akiingia, sema pia.

Na wewe lala. Mhudumu asiyepumzika miezi mitatu ndiye huanza kufoka na kurusha sahani. Familia zigawane zamu.

8. Ukitaka kuomoka nayo

Kwa wale wenye macho majuu: NITA hutoa mtihani wa serikali kwa kazi za huduma, na wakala anayekupeleka nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakiki jina lake kabla ya kutoa hata thumni. Mtu akikuahidi viza mpya ya kulea wazee Uingereza, kimbia, maana mlango huo ulifungwa kwa waombaji wapya walio nje tangu 22 Julai 2025.

Lakini mtihani wa kweli hauko Berlin. Uko kwenye kile chumba cha nyuma, ambako nyanya anangoja kugeuzwa upande wa pili. Angalia saa. Kama masaa mawili yameisha, inuka ubishe hodi.