Mng'ao wa nakshi huanzia kwenye sahani ya kunolea

MTEJA anayempelekea sonara pete ya ndoa ili ichorwe majina mawili na tarehe, aghalabu huusifu mkono wa fundi. Ni nadra kwake kuuliza habari za ncha ya chuma iliyomo katika mkono huo, au jinsi ilivyonolewa.

Hata hivyo, mafundi wa kunakshi madini wanajua fika kwamba kazi hufana au huharibika kabla pete haijaguswa. Patasi butu haikati dhahabu, bali huiparuza na kuisukuma kando. Isitoshe, huteleza. Ikiteleza, huacha mkwaruzo mrefu juu ya mali ya mtu, au huishia katika kidole gumba cha mkono unaoishikilia kazi.

Mkwaruzo wa aina hiyo hauondoki bila kusugua na kupunguza dhahabu yenyewe. Anayebeba lawama ni fundi, na huenda mteja asirudi tena dukani.

Patasi ya kunakshi ni kijiti cha chuma chenye urefu wa kidole hivi, kilichochomekwa katika mpini mdogo wa mviringo unaokaa kiganjani. Uso wake wa mbele hukatwa mshazari, aghalabu kwa pembe ya nyuzi 45 au zaidi kidogo. Chini ya ncha hutengenezwa visigino viwili vidogo, vyenye pembe ya nyuzi 15 hadi 20, ambavyo huiinua patasi ili ikate bila kuzama.

Visigino hivyo ndivyo hupita vikisugua kuta za mfereji unaochimbwa. Vikiwa laini kama kioo, kuta nazo hung'aa na kurudisha mwanga. Vikiwa na mikwaruzo, mikwaruzo hiyo hiyo hunakiliwa ndani ya dhahabu na maandishi huonekana yamefifia. Kung'arisha mfereji mwembamba kiasi hicho baadaye ni muhali, kwani kingo zake huliwa na herufi kupoteza umbo.

Kwa nini almasi?

Kwa miaka mingi mafundi walinoa patasi zao kwa mawe yaliyotiwa mafuta, na kwa chuma cha pua cha kawaida mawe hayo yangali yanafaa. Siku hizi, hata hivyo, wengi hutumia patasi za kabaidi ya tangsteni, ambayo ni ngumu mno na hudumu na makali kwa muda mrefu.

Ugumu huo una gharama yake. Jiwe la kawaida huteleza tu juu ya kabaidi, au huliwa lenyewe. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, almasi iko juu kabisa katika nambari 10, na hakuna kitu kingine kinachoinoa kabaidi kwa wepesi kama unga wake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, neno almasi huenda likamkumbusha Mwadui, huko Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mgodi mnamo 1940. Lakini si kila almasi huwa kito. Sehemu kubwa ya almasi za Kongo, hasa za eneo la Mbuji-Mayi, ni za matumizi ya viwandani. Nyingi kati ya hizo husagwa zikawa unga.

Mwezi Desemba 1954, wataalamu wa kampuni ya General Electric nchini Marekani walifaulu kutengeneza almasi katika maabara kwa kutumia joto na shinikizo kubwa. Tangu hapo almasi za kutengenezwa zimeenea viwandani, na bei ya unga wake si ya kumtisha fundi mdogo. Unga huo huuzwa kwa karati, na karati moja ni sawa na gramu 0.2.

Laini hushika, ngumu hukatwa

Wengi hudhani kwamba sahani ya kunolea sharti iwe ngumu kuliko patasi. Ukweli ni kinyume. Chembe ya almasi ikibanwa kati ya vitu viwili, huzama katika kile kilicho laini na kukaa humo, huku ncha zake zikikikata kile kilicho kigumu. Sahani ingekuwa ngumu kuliko patasi, chembe zingezama katika patasi.

Ndiyo sababu sahani hutengenezwa kwa chuma cha kusubu, shaba nyekundu au bati. Chuma cha kusubu huhifadhi ubapa wake kwa muda mrefu. Shaba nyekundu hupokea chembe kwa urahisi, nalo bati hufaa kwa kung'arisha. Kauri ndiyo yenye mwenendo wa pekee: ni ngumu, lakini unga laini kabisa hukaa katika vitundu vyake vidogo, na hutumiwa katika hatua ya mwisho tu.

Wakataji wa vito wamekuwa wakitumia kanuni hii kwa karne nyingi. Katika miji kama Antwerp, nchini Ubelgiji, almasi zenyewe zilisuguliwa juu ya gurudumu la chuma cha kusubu lililopakwa mafuta ya zeituni na vumbi la almasi.

Hatua za kuitayarisha

Kwanza, sahani husawazishwa. Fundi hutandaza msasa laini juu ya kioo kinene kilicho bapa, kisha huisugua sahani juu yake kwa mizunguko hadi uso wote uwe na rangi moja. Sahani yenye bonde huviringisha pembe za patasi, na pembe zikiviringika makali hutoweka.

Pili, sahani huoshwa kwa sabuni na maji, ikakaushwa, kisha ikapanguswa kwa spiriti. Punje za msasa zisipoondolewa zitazama pamoja na almasi.

Tatu, unga huchanganywa na matone machache ya mafuta mepesi. Kwa sahani ndogo, unga usiozidi kichwa cha kijiti cha kiberiti watosha kwa kuanzia. Mchanganyiko hupakwa kwa ncha ya kidole safi hadi uenee kama utando mwembamba.

Nne, chembe hukandamizwa ndani ya sahani kwa kigurudumu cha chuma kigumu, kwa mfano beringi iliyokwisha kutumika lakini isiyo na mikwaruzo. Kigurudumu hubingirishwa kwa nguvu huku na huku, na hakiburutwi. Kuburuta hung'oa chembe na kuichora sahani.

Tano, mabaki hupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta. Chembe zisizoshika hubingirika chini ya patasi na kula kingo zake badala ya kuzinoa. Sahani iliyo tayari huonekana ya kijivu kila mahali, na kipande cha chuma kigumu kikipitishwa juu yake husikika kikikwaruzwa kwa sauti moja.

Chembe moja tu

Fundi huhitaji sahani zipatazo tatu. Ya kuchonga umbo huwa na chembe za mikroni 30 hadi 40, ya kulainisha huwa na mikroni 9 hadi 15, na ya kung'arisha huwa na mikroni 3 kushuka hadi nusu mikroni. Mikroni moja ni sehemu moja kati ya 1,000 za milimita, na unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi.

Hapa ndipo kazi ya wengi huharibikia. Samaki mmoja akioza, huoza wote. Chembe moja ya mikroni 40 ikiingia katika sahani ya nusu mikroni, kila patasi itakayopita hapo itachorwa mfereji. Kuitafuta chembe hiyo ni kazi bure, na mara nyingi fundi hulazimika kuisugua sahani upya na kuanza tena.

Kwa hivyo, kila sahani huwa na kitambaa chake, chupa yake ya mafuta na mfuko wake wenye alama. Sahani laini ndiyo hutayarishwa kwanza na ile ya chembe kubwa mwisho. Patasi na vidole huoshwa kila fundi anapotoka sahani moja kwenda nyingine.

Mwendo wa mashine nao una kiasi. Joto likipanda, chuma huanza kufyonza kaboni ya almasi na chembe hupoteza makali, huku ncha ya chuma cha pua ikigeuka samawati na kulegea. Mwendo wa polepole na mkono mwepesi huepusha yote mawili. Sahani izunguke ikiikimbia ncha, la sivyo ncha itaichimba.

Afya nayo isipuuzwe. Vumbi la kabaidi huwa na kobalti, ambayo hudhuru mapafu. Mafuta juu ya sahani hulishika vumbi hilo, na masalio yapasa kupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu wala si kupulizwa kwa mdomo.

Baada ya hayo yote, fundi ana jaribio jepesi. Huigusisha ncha ya patasi kwenye ukucha wa kidole gumba bila kuibonyeza. Ikiteleza, irudi kwenye sahani. Iking'ang'ania ukucha, huikagua kwa kioo cha kukuzia, huchora mstari mmoja juu ya kipande cha shaba, na akiona mstari huo unametameta, hapo ndipo huichukua pete ya mteja.